Bisley: Kijiji cha Wapiga Shabaha na Bunduki Zitokazo Kiwandani

Msafiri aondokaye London kwa garimoshi katika kituo cha Waterloo, akaelekea kusini-magharibi, hupita mji wa Woking, wenye msikiti wa kwanza uliojengwa rasmi kuwa msikiti katika nchi ya Uingereza, mwaka 1889, kisha hufika kituo kidogo kiitwacho Brookwood. Upande wa kusini wa reli pana makaburi, wala si makaburi machache: ni uwanja mkubwa kuliko yote ya nchi hiyo, uliofunguliwa mwaka 1854 wakati London ilipokuwa imekosa mahali pa kuzika wafu wake. Upande wa kaskazini pana misonobari, vichaka vya mbuga na ardhi ya mchanga isiyofaa kwa mkulima. Huko ndiko iliko Bisley.

Zamani abiria wa Bisley hawakutembea kwa miguu. Tangu mwaka 1890 palikuwa na kijireli cha peke yake kilichotoka Brookwood mpaka ndani ya kambi, na garimoshi lake dogo lilipewa kwa mzaha jina la “Risasi ya Bisley”, ingawa halikuwa na mbio zozote. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1952. Jengo la kituo cha kambini limesalia, na karibu nalo limewekwa behewa moja la zamani, ambalo leo ni makao ya chama cha wapiga shabaha.

Mgeni aingiapo kambini haoni jambo la kumtisha. Huona nyumba za mbao zenye veranda pana na paa za bati, zilizopakwa rangi ya kijani na nyeupe, na mbele yake bustani za maua. Msomaji wetu aliyewahi kuziona nyumba za mabwana shauri wa zamani katika miji yetu ya bara hatakuwa mgeni kabisa hapo, kwani mtindo ni ule ule na zama ni zile zile. Baadhi ya majengo hayo hayakujengwa Bisley. Yalibomolewa Wimbledon, yakasafirishwa na kusimamishwa upya. Sababu yake nitaieleza baadaye kidogo.

Nyuma ya nyumba hizo ndipo penye viwanja vyenyewe. Kimoja huitwa Century, ambacho kina shabaha zaidi ya mia moja zilizopangwa mstari mmoja, na hapo watu hupiga hadi umbali wa yadi 600. Cha pili ni Stickledown. Hiki ndicho chenye sifa duniani. Kina shabaha 50, na umbali wake hufika yadi 1,200, yaani zaidi ya kilometa moja. Asimamaye nyuma kabisa akatazama mbele huona bonde lenye majani, bendera nyekundu na njano zikipepea kila upande, na mwisho wa macho yake vijiubao vyeupe vilivyo kama stempu za barua. Mtu wa kawaida hudhani anafanyiwa utani anapoambiwa kwamba vijiubao hivyo hupigwa katikati kwa risasi moja moja, na mtu aliyelala kifudifudi, bila darubini juu ya bunduki yake.

Na bunduki yenyewe ndiyo iliyotuleta hapa. Maana Bisley isingalikuwapo kama kiwanda kisingalijifunza kutengeneza chombo kilicho sahihi kupita mkono wa fundi.

Wazee wetu waliijua sana gobori. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, risasi ya mviringo hushindiliwa juu yake, na ndani ya mtutu hamna kitu ila uwazi laini. Risasi ya gobori hutoka huku ikigongagonga kuta za mtutu, na baada ya mwendo mfupi hakuna ajuaye iendako. Dawa yake iligunduliwa Ulaya karne nyingi zilizopita: kuchonga ndani ya mtutu mifereji iliyopindana kama kamba, ili risasi itoke ikizunguka kama pia. Kitu kinachozunguka kwa kasi hushika njia yake. Lakini kujua dawa ni jambo moja, na kuipika vilivyo ni jambo jingine. Mifereji iliyochongwa kwa mkono haikulingana, na bunduki mbili za fundi mmoja zilikuwa na tabia mbili, kama mapacha wasiosikilizana.

Hapo alitokea Joseph Whitworth wa Manchester. Huyu hakuwa mhunzi wa bunduki. Alikuwa mtengenezaji wa mashine, aliyezaliwa mwaka 1803, na sifa yake kuu ilikuwa kupima. Mwaka 1841 alipendekeza vipimo vya namna moja kwa parafujo zote, ili parafujo ya kiwanda kimoja iingie katika nati ya kiwanda kingine. Na alitengeneza chombo kilichoweza kutambua tofauti ya sehemu moja katika milioni ya inchi. Serikali ya Uingereza ilipomwomba mwaka 1854 aunde mashine za kutengeneza bunduki za jeshi, alijibu kwa namna ya mtu mkaidi mwenye akili: hawezi kuunda mashine za kutengeneza kitu ambacho hakuna ajuaye kinapaswa kuwa na umbo gani. Basi alijengewa nyumba ndefu ya majaribio, yadi 500, katika kiwanja chake mwenyewe, ili apige risasi ndani yake bila upepo kumsumbua.

Bunduki aliyoizaa katika nyumba hiyo haikuwa na mtutu wa mviringo. Tundu lake lilikuwa na pande sita, nalo lilipinda mzunguko mmoja kamili kwa kila inchi 20, ambapo bunduki ya jeshi iliyotengenezwa Enfield ilihitaji inchi 78 kwa mzunguko huo. Zilipopambanishwa mwaka 1857 kwa umbali wa yadi 500, risasi za Enfield zilitawanyika zaidi ya futi mbili kutoka katikati kwa wastani, na zile za Whitworth chini ya inchi tano. Hata hivyo jeshi lilizikataa. Zilikuwa ghali mno, na mtutu wake mwembamba uliziba upesi kwa masizi ya baruti. Kwa maoni yangu jeshi halikukosea; askari aliye vitani anahitaji bunduki itakayolia kila siku kuliko ile iliyo bora siku moja moja. Lakini kilichokataliwa na jeshi kilipokewa na wanamichezo kwa mikono miwili.

Mwezi wa Novemba 1859 Waingereza, wakihofia kuvamiwa na Wafaransa, walianzisha Chama cha Taifa cha Bunduki ili raia wajifunze kulenga. Tarehe 2 Julai 1860 mashindano ya kwanza yalifunguliwa katika mbuga ya Wimbledon, karibu na London. Malkia Victoria ndiye aliyepiga risasi ya kwanza. Mtu asije akafikiri kwamba Malkia alilala matopeni! Bunduki ya Whitworth ilikuwa imefungwa barabara juu ya kitako cha chuma na kuelekezwa shabahani yadi 400 mbele. Yeye alivuta uzi wa hariri tu. Risasi ilipiga inchi moja na robo kutoka katikati kabisa. Wengine huihesabu hiyo kuwa hila ya kufurahisha umati. Mimi naiona kuwa tangazo la ukweli: siku ile iliyopiga shabaha haikuwa jicho wala mkono wa mtu, bali kazi ya kiwanda cha Manchester, nayo ilionekana peupe. Katika juma hilo kijana aitwaye Edward Ross, aliyetumia bunduki ya aina hiyo hiyo, alishinda Tuzo ya Malkia, akapewa nishani ya dhahabu na pauni 250.

Si vema kuisifu bunduki hiyo bila kutaja upande wake wa pili. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi ya Kusini yaliagiza bunduki chache za Whitworth na kuwapa walengaji wao hodari. Tarehe 9 Mei 1864, huko Spotsylvania katika Virginia, jenerali wa Kaskazini, John Sedgwick, aliwakemea askari wake waliokuwa wakijiinamisha kila risasi ilipolia, akawaambia kwamba adui hawezi kumpata hata tembo kwa umbali ule. Muda mfupi baadaye alianguka, amepigwa chini ya jicho la kushoto. Wengi wa waandishi wa historia wanaamini kwamba risasi ile ilitoka katika mtutu wa pande sita. Kila aendaye Bisley hubeba kumbukumbu hiyo, akipenda asipende. Mchezo huu ulizaliwa katika hofu ya vita, na chombo chake hakikuacha kuwa bunduki kwa sababu tu kimelazwa juu ya mkeka.

Tutoke Uingereza kidogo twende Marekani, kwani huko ndiko bunduki ya kiwandani iliposhinda mara ya kwanza mbele ya macho ya dunia.

Pembezoni mwa jiji la New York, katika kisiwa cha Long Island, palikuwa na shamba la ukoo wa Creed. Mwaka 1873 lilifunguliwa kuwa uwanja wa shabaha, likaitwa Creedmoor. Mwaka ule ule Wairishi walikuwa wameshinda mashindano makubwa huko Wimbledon, na kiongozi wao, Meja Arthur Leech, alitoa changamoto kwa Wamarekani katika gazeti: watu sita kwa watu sita, kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Wamarekani hawakuwa na uzoefu wa umbali huo, wala hawakuwa na bunduki za kazi hiyo. Walikuwa na viwanda. Kampuni ya Remington na kampuni ya Sharps zilikubali kutengeneza bunduki mpya katika miezi michache, na mmoja wa wapigaji wa Kimarekani, L. L. Hepburn, alikuwa mwenyewe fundi katika kiwanda cha Remington kilichokuwako Ilion.

Tofauti ya silaha ilikuwa kubwa. Wairishi walitumia bunduki za John Rigby wa Dublin, fundi aliyekuwa pia mmoja wa wapigaji wa timu yao. Zilikuwa za kushindiliwa mdomoni kama gobori, ila zilitengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu, kila moja ikishughulikiwa kama kito. Za Wamarekani zilifunguliwa nyuma, risasi ikaingizwa katika ganda lake, mlango ukafungwa. Wajuzi wa wakati huo waliapa kwamba bunduki ya kufunguliwa nyuma haiwezi kuwa sahihi hata siku moja. Waliyasema hayo kwa yakini ile ile waliyo nayo wajuzi wa kila zama.

Tarehe 26 Septemba 1874 watu kwa maelfu walifurika Creedmoor. Kwa yadi 800 Wamarekani walipata pointi 326 na Wairishi 317. Kwa yadi 900 Wairishi walirudisha kidogo, 312 kwa 310. Kwa yadi 1,000 waliendelea kuvuta, na katika mashindano ya siku hiyo mmoja wao alipiga shabaha ya jirani badala ya yake. Risasi ilikuwa nzuri, lakini alipewa sifuri. Wairishi walipomaliza walikuwa na 931. Wamarekani walikuwa na 930, na risasi moja tu imebaki, ya Kanali John Bodine. Muda mfupi kabla ya kupiga, Bodine aliletewa chupa ya soda ya tangawizi. Chupa ikapasuka mkononi mwake, damu ikamtoka. Akaufunga mkono kwa leso, akalala, akalenga kwa utulivu. Shabaha za siku zile zilikuwa mabamba ya chuma, hata mpigaji aliweza kusikia mlio wa risasi ikigonga kama kengele ya mbali. Ilikuwa katikati. Pointi nne: 934 kwa 931.

Msomaji ataona kwamba kama yule Mwirishi asingalikosea shabaha, hesabu ingaligeuka. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wasemao kwamba siku ile kiwanda kilimshinda fundi moja kwa moja. Kilichothibitika ni kidogo zaidi, lakini kina uzito: chombo kilichotoka kiwandani kwa miezi michache kilisimama bega kwa bega na kazi bora ya mafundi wa Dublin, tena mikononi mwa watu ambao muda mfupi kabla walikuwa hawajajua yadi 1,000 ni nini. Creedmoor yenyewe haina tena mlio wa bunduki. Uwanja uliisha kutumika mwanzoni mwa karne ya 20, na leo mahali hapo pana hospitali ya magonjwa ya akili.

Wimbledon nayo ilipatwa na yaliyoipata Creedmoor. Jiji lilikua, nyumba zikasogea, majirani wenye cheo wakalalamika juu ya risasi zilizopotea njia. Mwaka 1889 mashindano yalifanyika hapo kwa mara ya mwisho. Mwaka 1890 kambi nzima, pamoja na baadhi ya majengo yake, ilihamia Bisley. Huko ndiko ilikofanyika mashindano ya bunduki ya Olimpiki ya mwaka 1908, na ile ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2002.

Kwa zaidi ya nusu karne bunduki iliyotawala Bisley ilikuwa ile ile waliyobeba askari wa Keya: Lee-Enfield, yenye risasi ya .303. Babu zetu waliokwenda Burma waliijua kwa uzito wake begani na kwa pigo la kitako chake. Wapiga shabaha waliipenda kwa sababu nyingine. Ilikuwa bunduki ya serikali, iliyotengenezwa kwa mamia ya maelfu, na kwa hiyo karani wa posta aliweza kushindana na mwana wa tajiri kwa chombo kilicho sawa. Risasi pia zilitolewa na wenye mashindano, za namna moja kwa wote. Sheria ya kugawa risasi imedumu katika mchezo huu hata zama zetu, na nadhani ndiyo sheria yenye haki kupita zote za Bisley.

Lakini usawa huo ulikuwa na mwanya wake. Ndani ya kambi palikuwa na duka la mafundi wa ukoo wa Fulton. George Fulton alishinda Tuzo ya Malkia mwaka 1888. Mwanawe Arthur alishinda ile ya Mfalme mara tatu, mwaka 1912, 1926 na 1931. Mjukuu wake Robin akashinda mwaka 1958. Watu hawa waliichukua Lee-Enfield kama ilivyotoka kiwandani, wakaivua mbao zake, wakazikwangua mpaka chuma kikalala ndani yake bila kubanwa mahali wala kuchezacheza, wakairudisha. Kwa macho ilikuwa bunduki ile ile. Shabahani ilikuwa nyingine.

Mwaka 1930 chombo hicho cha askari kiliangukia mikono ambayo hakuna aliyeitazamia. Marjorie Foster, mwanamke aliyejipatia riziki kwa kufuga kuku, aliingia fainali ya Tuzo ya Mfalme katikati ya maafisa wa jeshi na wakongwe wa mchezo. Alifika risasi ya mwisho akihitaji kupiga katikati ili kumpita luteni mmoja wa jeshi la Uskochi. Akapiga katikati. Alipata pointi 280 kati ya 300, akashinda kwa pointi moja. Umati ulimwinua kwenye kiti kama desturi ilivyowataka wamfanyie mshindi, na wanaume waliokuwa wakisema bunduki si kazi ya wanawake wakawa miongoni mwa wabebaji. Baada yake ilipita miaka 70 kabla mwanamke wa pili, Joanna Hossack, hajalitwaa taji hilo mwaka 2000. Hakuna sheria iliyowazuia katika muda wote huo. Kilichowazuia ni mazoea, na mazoea ni mlinzi mkali kuliko sheria.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Uingereza liliacha .303, likachukua risasi ya milimita 7.62 na bunduki inayojipakia yenyewe. Bunduki hiyo mpya haikuwafaa raia, wala hawakuruhusiwa kuichukua mashindanoni. Basi mwishoni mwa miaka ya 1960 mchezo uliachana na silaha ya askari, na tangu hapo viwanda vilianza kutengeneza bunduki zisizo na kazi nyingine duniani ila kulenga shabaha ya mbali.

Mwanzoni walifanya kama mama wa nyumbani anayegeuza kanzu kuukuu kuwa gauni. Kiwanda cha Enfield kilichukua chuma cha Lee-Enfield kikakipa mtutu mpya mnene, kikaiita Envoy. Parker-Hale wa Birmingham alijenga yake juu ya mtambo wa Kijerumani wa Mauser. Hapa pana jambo la ajabu ambalo wapiga shabaha hawachoki kulizungumza. Komeo la Mauser hujifunga mbele, karibu na risasi, na kwa hiyo chuma chake ni kigumu. Kwa yadi 300 lilikuwa bora. Komeo la Lee-Enfield hujifunga nyuma, na kila bunduki inapolia chuma chake hunyumbuka kidogo. Kwa yadi 300 hiyo ni kasoro. Lakini kwa yadi 1,000 kasoro iligeuka baraka: kwa sababu ya kunyumbuka huko, mtutu hupanda kidogo wakati risasi ikiwa bado safarini ndani yake, na risasi iliyochelewa, yaani yenye kasi ndogo, hutoka mdomo ukiwa umeinuka zaidi, ikapewa fidia ya kile ambacho ingepoteza kwa kuanguka. Hakuna mhandisi aliyeikusudia fidia hiyo. Watu wengi wa miaka ile walikuwa na bunduki mbili, moja ya karibu na moja ya mbali, na ile ya mbali ndiyo iliyokuwa kuukuu.

Kisha zilikuja bunduki zilizozaliwa kwa ajili ya kazi hiyo tu. Adelaide, katika Australia, ilitengeneza Sportco 44, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Omark. Ilipakiwa risasi moja moja, komeo lake lilishika mbele kwa meno matatu, na bei yake haikumtisha mtu wa mshahara wa kawaida. Uingereza, katika miaka ya 1970, mhandisi George Swenson alibuni bunduki iitwayo Swing. Aliondoa kila kitu ambacho mlengaji hakihitaji: hakuna kasha la risasi, na tundu la kupakilia ni dogo, ili chuma kibaki kizima na kigumu. New Zealand ilifuata na Barnard, ambayo wapigaji wengi huitumia hata leo. Kiwanda cha Enfield kilifungwa mwaka 1988. Kile kilichowapa silaha askari wa dola nzima kimekwisha, na karakana ndogo zenye mafundi wachache ndizo zilizoirithi kazi ya shabaha.

Nieleze kwa ufupi kile ambacho fedha hununua katika bunduki ya namna hiyo. Hununua mtutu mrefu na mnene usiopinda upatapo joto. Hununua kifyatulio kinachovunjika kama kijiti cha barafu, bila kuburuta. Hununua tundu dogo la kulengea, lenye vipimo vinavyosogezwa kwa robo ya dakika ya pembe; na kwa yadi 1,000 dakika moja ya pembe ni takriban inchi 10. Zaidi ya hapo hainunui kitu. Risasi huchukua kama sekunde moja na nusu kufika shabahani. Njiani huanguka kiasi cha mita 10 kutoka mstari wa mtutu, na mtambo wa kulengea huifidia anguko hilo bila shida. Upepo haufidiwi na mtambo wowote. Upepo wa ubavuni wenye mwendo wa kilometa 16 kwa saa, ambao mama aanikaye nguo huuona kuwa wa kufaa tu, huisukuma risasi zaidi ya mita mbili kando. Na Stickledown una hila zake: bendera za mwanzo huelekea kushoto, za katikati zimelala, za mwisho zaelekea kulia. Mlengaji hana budi kuamua yeye mwenyewe ni ipi inayosema kweli.

Hapo ndipo penye jibu la swali ambalo wenyeji wa Bisley hubishania jioni verandani: je, bunduki bora ya kiwandani imeufanya mchezo kuwa wa wenye fedha? Kwa sehemu, naam. Bunduki kamili ya mashindano, pamoja na koti zito la kuzuia mapigo ya moyo, mkanda, darubini ya kutazamia na nauli, ni mzigo ambao karani wa posta wa leo haubebi kwa urahisi. Sheria nazo ni kali. Baada ya mauaji ya Hungerford mwaka 1987 raia walinyang'anywa bunduki kubwa zinazojipakia. Baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Dunblane mwaka 1996 bastola zilipigwa marufuku. Mwenye bunduki ya shabaha sharti awe na cheti cha polisi na kabati la chuma nyumbani. Sioni sababu ya kuwahurumia kwa hayo, nao wengi wao hawaombi huruma. Lakini aliyekwisha kununua bunduki hajanunua upepo. Tajiri mwenye Swing mpya amekuwa akishindwa mara nyingi na mzee mwenye Omark iliyochubuka, kwa kuwa mzee huyo alizitazama bendera zile kwa miaka 30.

Wazee wenyewe wamepata faraja yao. Mtu anayeitwa George Farquharson, Mkanada, alipoona kwamba macho na viungo vya wapigaji vinazeeka kabla ya mapenzi yao, alianzisha aina ya mashindano inayoruhusu darubini juu ya bunduki na kiegemeo chini yake. Aina hiyo ilipewa herufi ya kwanza ya jina lake, na mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Kanada mwaka 2002. Viwanda vikubwa viliamka. Savage wa Marekani alianza kuuza bunduki ya .308 yenye mtutu wa inchi 30, iliyo tayari kwa mashindano siku ile ile itolewapo kwenye sanduku lake, kwa bei iliyowakera mafundi wa karakana ndogo.

Mgeni atakaye kuona haya yote hufaa aende mwezi wa Julai, siku ya Jumamosi ya mwisho ya mashindano makuu. Wapigaji 100 waliobaki katika mamia mengi hulala Stickledown kugombea Tuzo ya Mfalme: risasi 15 kwa yadi 900, na 15 kwa yadi 1,000. Hakuna kelele za watazamaji kama za kandanda. Risasi inalia, shabaha inashuka ndani ya handaki, ambamo watu wamekaa salama chini ya ukuta wa udongo, kisha inapanda tena na kidude kidogo cha rangi kikionyesha tundu lilipo. Anayepiga huandikiwa na jirani yake, naye humwandikia jirani huyo. Mara nyingine upepo hubadilika katika dakika tano za mwisho na kuwaangusha wote waliokuwa wakiongoza.

Mshindi hubebwa kwenye kiti, bendi ikitangulia, akazungushwa veranda moja baada ya nyingine. Hupewa nishani ya dhahabu na pauni 250, fedha ile ile aliyopewa Edward Ross mwaka 1860. Haijaongezwa hata senti moja, na siku hizi haitoshi kununua mtutu mpya.